Presha Hakuiuliza

Saa nne asubuhi Mapendo alishika fonii, ile redio ya kuongelea na Lilongwe, kwa mara ya tatu. Alikuwa nesi kwa miaka kumi na minne, kwanza kwao Kindu, sasa zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Nyuma yake kitandani Nahayo, Mrundi mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amefumba macho kwa maumivu ya kichwa. Miguu ilivimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

"Dokta, anasema anaona nyota. Presha iko—"

"Nimeshasema," Dokta Melchior alimkata kutoka ofisini kwake Lilongwe. "Panadol, apumzike. Gari la wagonjwa ni Ijumaa."

"Haujaniuliza presha."

"Mi njo dokta. We fanya nilivyosema."

Fonii ikakatwa. Hasira zilimpanda Mapendo. Asiyemwona mgonjwa ndiye aamue, na aliyemshika mkono asimalize hata sentensi!

Akatoka mbio. Bucumi, dereva, alikuwa akishusha maharagwe ya mgao kutoka kwenye pikapu.

"Acha magunia. Tunaenda Lilongwe."

"Nani ameruhusu?"

"Mi. Bakikufukuza, sema nilikulazimisha."

Njiani Nahayo alishikwa na degedege. Mapendo alimlaza ubavu, akamkinga kichwa kwa mapaja yake. Hospitalini alitaja presha mara moja tu, mia na themanini kwa mia na ishirini, mkunga wa Kimalawi akamwita daktari wa zamu kwa kelele. Nahayo akapasuliwa papo hapo. Akapona. Binti yake alitoka kimya, amekwisha kufa.

Mapendo akaenda ofisini kwa Melchior, Area 18, sketi ina damu bado. Melchior, Mrundi naye, alikuwa akiandika kwenye daftari la fonii.

"Hospitali wamenipigia. Asante Mungu, mama amepona," alisema. "Nimeandika kwamba nilikuruhusu gari. Nakulinda, dada."

Mapendo alimnyang'anya kalamu, akakata mstari ule, akaandika presha ya Nahayo na saa alizopiga, mara zote tatu. Akatia sahihi.

"Sasa twende. Utamwambia mwenyewe habari ya mtoto, kwa Kirundi chenu."

"Niko na mkutano."

"Utakungoja."

Alimsimamia mlangoni mpaka akachukua koti. Hospitalini, kando ya kitanda cha Nahayo, Melchior alianza sentensi mara mbili, mara zote ikamkwama. Ya tatu aliimaliza. Nahayo akageukia ukuta.

Melchior alimtazama Mapendo kama anayeomba msaada. Mapendo akamshika Nahayo mkono.