Nusu Pipa

Mume wangu Eliakimu ana miaka sabini na mitatu na ubishi wa kijana wa ishirini. Daktari alimwambia misuli ya mapaja yake imepungua, kwa hiyo kila asubuhi ainuke kitini mara kumi bila kushika popote. Anainuka mara sita, anatangaza kumi.

Jumamosi tunakamua mawese hapa kwetu Kasingirima. Mashine yetu inazungushwa kwa kusukuma mti, na yeye hataki msaada. Basi mimi, kwa siri, najaza chikichi nusu pipa la mashine tu, ili mti usiwe mzito kwake. Akimaliza anajipiga kifua.

“Umeona, Melania? Bado chuma!”

“Nimeona.”

Jana nikiwa nyuma ya ua nilimsikia jirani yetu Martini akimuuliza, “Mzee, mbona pipa lenu halijai?”

“Sema polepole,” Eliakimu akamjibu. “Najua anapunguza. Nikimwambia ajaze, atakuja kusukuma na mimi, na magoti yake yanamuuma.”

Mzee mjinga huyu! Leo nimejaza pipa mpaka juu, nikashika mti upande wa pili.

“Sukuma!” nikamwambia.

Tukazunguka taratibu, tukihema, mara sita.

“Kumi,” akasema.

“Kumi,” nikaitikia.