Stelingi wa Gari Jekundu

"Haya, nipeni mji," Pontien alisema, huku televisheni nyuma yake ikiwa bado imezimwa.

"Tumekupa Usevya, ukale wali mpaka uchoke," akajibu Ngusa, kijana wa Kisukuma ambaye ng'ombe wa baba yake walikuwa huko nje wakijichunga wenyewe.

Kitendawili chenyewe kilikuwa hiki: wawili wafukuzana kutwa, hawashikani wala hawagombani. Kabla Pontien hajafumbua, sauti ikatoka mlangoni.

"Magurudumu ya baiskeli."

Alikuwa Mama Arcade. Hakuwa amewahi kukanyaga banda la video tangu lijengwe pale Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi. Watu wakasogea, akakaa mbele kabisa kwenye mkeka, akakunja miguu.

"Nimesikia ni picha ya watu wanaokimbizana," alisema. "Nikasema nije nione kama wanawafikia wanangu."

Wanawe wawili, alimaanisha Arcade, aliyemzaa, na rafiki yake Pontien, ambaye hakumzaa. Siku za soko vijana hao walikuwa wakifunga magunia ya maharage kwenye keria za baiskeli na kukimbizana hadi Mpanda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Arcade ndiye aliyeshinda mara nyingi. Pontien alipofika, alimkuta ameshakaa kivulini anakula muwa, tayari na matusi yake: "Karibu, mzee. Nilidhani umeoa njiani." Mwaka tisini na tatu, watu walipoanza kurudi Burundi baada ya uchaguzi, Arcade naye akaenda kutazama shamba la marehemu baba yake. Mwezi wa kumi vita vikawaka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na hakuna aliyeleta habari zake. Siku hizi Pontien hufika Mpanda wa kwanza kila siku ya soko. Hakuna anayemtukana.

Nathanael, mwenye banda, akavuta kamba ya jenereta. Kanda ilikuwa imeshuka na treni mchana huohuo, hata Pontien hakuwahi kuitazama. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Kiingereza chake alikiokota alipokuwa utingo wa lori. Pale kilipopungua alijazia mwenyewe. Na kama ilivyo kazi hiyo, kwanza aliwapa watu wa kwenye picha majina ya hapa kijijini, ili hata bibi asipotee.

Wakatokea madereva wawili, kofia ngumu mikononi, wakitazamana kama majogoo.

"Stelingi ni yupi?" Ngusa akauliza.

Pontien akamtazama yule mama mkekani. Alitamani kumpa kitu, na hakuwa na kingine. Stelingi, shujaa wa picha, hafi, hilo banda zima lilijua.

"Huyu wa gari jekundu," akasema. "Anaitwa Arcade."

Banda likacheka, kicheko kizuri. Mama Arcade akaziba mdomo kwa kitenge.

"Na yule wa gari jeupe?"

"Yule ni mimi. Si mnaona anavyofika nyuma?"

Kwa saa nzima mambo yakawa matamu. Arcade alikata kona, Arcade alimwagiwa mvinyo kichwani. "Kama baba yake," mama akanong'ona. "Haogopi mteremko." Pontien alimtilia mdomoni maneno ambayo hakuna Mzungu aliyewahi kuyasema: karibu, mzee, umeoa njiani?

Kisha mvua ikanyesha kwenye mashindano ya mwisho. Gari jekundu likateleza, likagonga ukuta, likawaka. Gari jeupe likapita.

Jenereta peke yake ndiyo iliyoendelea kusema. Wanaume wenye makoti meupe wakainama, na mmoja akatamka neno fupi ambalo hata utingo analijua.

"Anasemaje?" akauliza Mama Arcade.

"Anasema..." Pontien akaanza. "Wanampeleka hospitali. Bado hawajui."

"Mbona wamemfunika uso?" akauliza Ngusa.

"Moshi. Wanamkinga na moshi."

Ngusa akafungua mdomo tena, Nathanael akamkanyaga mguu. Kwenye kioo, dereva wa gari jeupe alisimama juu kabisa amekumbatia kikombe, akitazama njia aliyotokea. Alisema maneno mengi. Pontien hakuyatafsiri hata moja, na hakuna aliyemdai.

Nje jua lilikuwa bado lipo. Akampandisha mama nyuma ya baiskeli ampeleke kwake.

"Moshi," hatimaye mama akasema. "Hujui kudanganya, mwanangu. Arcade ndiye aliyejua."

"Nisamehe, mama. Nilidhani stelingi hafi."

"Lakini ulisema bado hawajui."

"Ndiyo, mama."

"Basi tubaki hapohapo."

Akashika shati lake kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mteremko wa kwenda mtoni ulikuwa umeanza. Njia ilikuwa pana na tupu mpaka chini. Pontien akaipeleka baiskeli kando kabisa, majani yakiwachapa miguuni, upande wote wa kulia akauacha wazi, kama anayempisha mtu anayetoka nyuma.

"Mbona unapita majanini?" mama akauliza.

Kisha akageuka nyuma, naye akatazama njia waliyotokea.