Sweta Mbili za Bosi

Ukoo mzima ulimwita mume wangu Bosi, na sababu ilikuwa tumbo lake. Hakuwa bosi wa mtu yeyote. Huku ughaibuni anaendesha foklifti kwenye ghala la vigae, kazi ya kukaa kitako kutwa nzima, na njaa ikimbana kuna mashine ukutani, ukiitumbukizia sarafu inakutemea biskuti na soda. Nyumbani alikuwa akipakia magunia sokoni, hana hata chembe ya mafuta mwilini, na hakuna aliyempa jina la heshima. Siku alipotuma picha yenye tumbo na kidevu cha pili, shangazi yake aliandika kwenye grupu la ukoo kwamba mtoto wetu maisha yamemnyookea. Hapo ndipo alipokuwa Bosi, na Bosi huombwa.

Basi Bosi akawa anapanda lifti kwenda ghorofa ya kwanza. Duka liko ng'ambo ya barabara, lakini anawasha gari. Nilipolalamika alijiandikisha jimu, akawa anaendesha gari kwenda kutembea juu ya mkanda unaozunguka, macho kwenye televisheni, kisha anajipongeza kwa kuku wa kukaanga. Mimi mwenyewe sikusalimika, maana magauni niliyokuja nayo yaliishia kuwa matambara ya kufutia vumbi. Ila mimi sikuitwa bosi. Mimi niliambiwa nimejiachia.

Kisha vidole vya miguu ya Bosi vikaanza kufa ganzi. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba ana sukari: apunguze kula na atembee, la sivyo ataanza kujidunga sindano. Bosi anaogopa sindano kuliko kaburi. Nikalishika jiko. Wali nikaupima kwa kikombe cha chai, soda nikaipiga marufuku, na kila asubuhi nikamteremsha kwa ngazi nimemshika mkono. Alininunia miezi. Lakini tumbo lilishuka, ganzi ikapungua, na yule mwanamume aliyenioa akaanza kuchungulia tena. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Jumapili moja mama yake akapiga simu ya video. Bosi, kabla ya kupokea, alikimbilia kabatini akavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akajaza hewa mashavuni. Baadaye nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba nyumbani mtu akikonda wanamzika angali anapumua. Watasema ana ule ugonjwa usiotajwa, au amefukuzwa kazi, au mke anamnyima chakula. Hilo la mwisho lilinichoma. Tangu hapo nikawa mimi ndiye ninayemtafutia sweta, na simu ikilia namnong'oneza: mashavu.

Mama mkwe naye aliisogeza simu usoni mpaka tukawa tunaona paji na pua tu, na kipande cha gauni pana. Bosi alipenda kujisifu kwa jinsi anavyomtunza. Alimwachisha shamba, akamwekea pikipiki ya kumpeleka hata kwa jirani, na dukani akaagiza apelekewe mkate mweupe, sukari na kreti ya soda kila wiki. Mama amelima vya kutosha, alikuwa akisema, sasa akae ale.

Likizo ikafika, na roho yangu ikawa juu. Mwezi mzima wa sahani za mama, na mume asiyejua kumkatalia mama. Nilikuwa naiona sindano ikitusubiri kiwanja cha ndege wakati wa kurudi. Tulishuka kwenye joto la kuivisha yai, Bosi ndani ya sweta mbili na koti, jasho linamtiririka, anasema kuna kaupepo.

Mama mkwe alinikumbatia, nikashika nguo, nikashika nguo nyingine, ndipo nikafika mifupa. Nikasema moyoni ni uzee. Mezani alimpakulia mwanawe wali wa watu watatu, akaujengea ukuta wa nyama, akafungua na soda. Yeye mwenyewe alidai ameshakula. Bosi akashika kijiko, akanitazama. Nikaona heri niitwe mke mbaya.

"Mama, asile hivyo vyote," nikasema. "Mwanao ana sukari."

Mama mkwe akaweka upawa chini taratibu.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mama," Bosi akajibu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama akavuta mkoba wake, akatoa vidonge, akaviweka kando ya sahani. Jina nililijua bila kusoma mara mbili, kwani mkobani mwangu nilibeba vya Bosi vya jina hilohilo.

"Mimi huu mwaka wa tatu," akasema. "Uliniambia nikae nile. Nikakaa, nikala, nikanenepa mpaka wakaniita Mama Bosi. Nilipoanza kukonda nikaogopa utauliza hela zako nazipeleka wapi."

Bosi alilia, na mimi nikalia, kwa huruma na kwa hasira vilevile, maana tulikuwa tumemlipia yule mama ugonjwa kila mwezi na risiti tunazo. Bosi akavua koti, akavua sweta moja, akavua ya pili. Mama akavua gauni la juu. Wakatazamana, wembamba wawili, mfano mmoja. Ile sahani tuliipeleka kwa majirani.

Asubuhi wakatoka na majembe, kwa miguu, mimi nyuma yao. Shangazi akapita na pikipiki, akapunguza mwendo, akatusalimu kwa sauti ya msibani. Hawajamaliza tuta la kwanza, grupu la ukoo likawa limeshapata habari: Bosi kafilisika, kakonda, kamrudisha mama yake kwenye jembe.

Wakapeana pole wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyeomba ada siku hiyo, wala bati, wala nauli, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tumbo lile liote. Bosi alikuwa amesimama katikati ya shamba, malengelenge viganjani, anaandika jibu refu la kujitetea.

Mama mkwe akamsogelea, akasoma akiwa ameegemea mpini.

"Usijibu, mwanangu," akasema. "Lima."