Aliambiwa Ale, Hakuambiwa Aile

Haya nimeambiwa na Celestine mwenyewe, Jumapili ya Matawi mwaka huu, tukichambua mboga za sukuma jikoni kwangu hapa Irving. Alikuja kutoka Pearland kunisalimia; huniita shosho, yaani bibi, kwa ajili ya uzee wangu.

Baba yake, Patroba, alinunua ardhi kule Pearland, nje ya Houston, wakati ni majani na ng'ombe tu. Baadaye barabara ikapita, maduka yakaja, bei ikapaa. Mzee hakumwachia mkewe Kerubo ardhi ile moja kwa moja. Aliiweka amana, kwa wosia alioandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili: "Kerubo ale, avae, atibiwe kutokana na ardhi hii. Kisha achague yupi kati ya watoto wetu ataishika."

Kerubo alimchagua Celestine, maana ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba ya kutunzia wazee iliyojengwa hapo. Kerubo alipofariki, watu wa kodi ya mirathi wakaja. Wakasema ardhi ilikuwa yake kabisa, basi itozwe kodi pamoja na mali zake nyingine. Kodi ya namna hiyo ingelipwa kwa kuuza ardhi yenyewe, na wale wazee wahamishwe.

Kisa nini? Mfasiri aliyeutia wosia ule kwenye Kiingereza. Pale kwenye "ale" aliweka neno la Kiingereza la kutumia mali mpaka iishe.

Wakaitwa ofisi ya kodi, Houston: Celestine, mdogo wake Dedan, na wakili wao, Sheldon.

"Mwenye ruhusa ya kujimalizia mali apendavyo ndiye mwenye mali," ofisa akasema. "Angeruhusiwa chakula na matibabu tu, tusingeigusa."

"Ndicho alichoruhusiwa!" Celestine akasema. "Mama aliambiwa ale. Hakuambiwa aile."

"Tofauti ni nini?"

"Nikikukaribisha kwangu ule, utakula ugali au utakula nyumba?"

Dedan akaangua kicheko. Ofisa hakucheka. Alisema wakilipa nusu, mambo yaishe.

Sheldon akanong'ona, "Chukua hiyo."

"Dada, kubali," Dedan naye akasema. "Hii ni serikali."

"Na mimi ni binti ya Patroba. Kama unaogopa, nenda ukaningoje kwenye gari." Dedan akatoka, naye Celestine akamgeukia ofisa. "Sitoi hata robo. Baba hakukosea kuandika, nyinyi mmekosea kusoma. Tafuteni mwalimu wa Kiswahili, mumchague wenyewe, sitaki hata kumjua. Akisema 'ale' na 'aile' ni kitu kimoja, nitauza mwenyewe."

Sheldon alishika kichwa. Mimi pia nilipofika hapo niliacha sukuma, nikamwuliza, "Mwanangu, na angekosea huyo mwalimu?"

"Shosho, kwani kuna Mswahili asiyejua kula?"

Basi wakamtafuta mwalimu wao, na akawaambia vilevile alivyosema Celestine. Ofisi ikaliacha dai la ardhi lote, bila nusu wala robo. Sheldon alimpigia Celestine simu asubuhi, naye Celestine ndio kwanza anatoka zamu ya usiku. Akawapitia wazee wakinywa uji, akawaambia hakuna anayehama. Mmoja wao, asiyesikia vizuri, akauliza kama uji umeisha.

Dedan akafika mbio. "Dada, si nilikwambia tutashinda?"

"Wewe? Wewe ulikuwa kwenye gari!"

Celestine akamwachia wazee awaangalie, akajitupa kitandani na sare zake za kazi, akalala.