A Zilizovaa Viatu

Herufi a ziliniishia nikiwa mstari wa tisa wa kadi ya harusi, na kadi ilikuwa na mistari kumi na sita. Kadi mia tatu zilitakiwa kesho yake asubuhi. Aliyezitaka ni mama mkwe wangu.

Kiwanda chetu cha chapa bado kinapanga herufi za madini ya risasi, moja moja, kwa mkono. Tunazo aina mbili tu. Ya kwanza ni nyembamba hapa, nene pale, na kila herufi ina vijiguu chini. Hiyo tunaiita Viatu. Ya pili ni nene sawasawa, haina vijiguu. Hiyo ni Pekupeku. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi baada ya mimi na shule kuachana, anasema Viatu asili yake ni herufi zilizochongwa kwenye mawe, na Pekupeku ilikuja baadaye sana, wenye maduka walipotaka mabango yanayopiga kelele. Zote zilimiminwa ng'ambo, na watu ambao lugha yao inakula e. Yetu inakula a. Ndiyo maana kasha letu lina e za kumwaga na a za kubembeleza.

Hayo niliyajua miaka ishirini na tatu. Kosa langu ni kwamba sikuhesabu. Mama mkwe alileta majina ya ukoo mzima, wakiwemo wawili asiosemezana nao, nami nikamwambia hakuna shida. Tangu nimwoe binti yake mkubwa amekuwa akiwaambia watu kwamba kazi yangu ni kuokota vyuma vidogo vidogo. Sasa mdogo wake mke wangu anaolewa, nikaona hapa ndipo pa kumfunga mama mdomo.

Nilijaribu ujanja. Nilijaza mapengo kwa a za Pekupeku, nikapiga karatasi moja ya majaribio, nikampelekea. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akaweka kidole kwenye jina la marehemu mumewe.

"Mkwe, huyu baba watoto wangu alikukosea nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Wenzake wote wamevaa viatu. Yeye umemtoa peku mara tatu."

Ningeweza kuchapa nusu ya juu, nibomoe, nipange nusu ya chini. Lakini wino wetu hukauka kwa usiku mzima, kila nusu usiku wake, na mimi nilikuwa na mmoja tu.

Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na a za Viatu za kutosha. Zilikuwa ndani ya ukurasa wa kwanza aliopanga mjomba maishani mwake: kanuni za chama cha wafuga kuku, chama kilichokufa kabla sijaota ndevu. Ukurasa umefungwa kwa uzi, haujaguswa miaka arobaini na moja. Na kiwandani kwetu sheria ni moja: aliyefunga uzi ndiye anayeufungua. Hata awe mgonjwa, unamngoja apone.

Mjomba alikuwa kwake, goti limevimba, mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kwenda kumwomba. Sikwenda, kwa sababu angekataa. Nikakata uzi kwa wembe.

Hadi saa kumi alasiri wafuga kuku wote walikuwa wamehamia harusini. Asubuhi mama mkwe alichukua kadi moja, akapitisha kidole juu yake, akasema, "Kumbe ni kazi." Kwa mama mkwe hiyo ni hotuba.

Raha yangu ilidumu siku mbili. Ya tatu, mama mkwe, kwa kujivuna, alimpelekea mjomba kadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba hasomi kadi kama watu wengine. Anaiinamisha kwenye mwanga, anakagua herufi. Nikaitwa.

"Mpwa, a hii ina kovu tumboni. Mimi ndiye niliyeiangusha, siku yangu ya kwanza kazini."

Nikainama kuitazama ile a.

"Inakaa kanuni ya nne. Imefuata nini harusini?"

Nilimweleza yote. Akauliza kama uzi niliufungua au niliukata. Nikasema niliukata. Mpaka hapo nilidhani anazuia kicheko. Akageukia dirisha, akasema lile fundo alilifunga yeye, mwalimu wake akiwa amemshika vidole, na hajawahi kulifunga vile tena.

Hakunifukuza. Alisema nipange upya ukurasa wote, yeye akitaja kwa kichwa kutoka kitini, goti juu ya stuli. Alikumbuka kila kanuni, hata mikato. Nikikosea herufi moja, ananirudisha mwanzo wa kanuni. Mama mkwe alikuja kutazama siku mbili, akaleta na ufumaji wake, na kila niliporudishwa alimuuliza mjomba kama kweli kazi hii ni ngumu hivyo.

Gharama ni hii. Siku tisa. Kanuni kumi na nne. Herufi elfu moja mia mbili na sita, ambazo kati yake a ni mia mbili themanini na nne. Mbili kati ya hizo hazijaonekana mpaka leo, na za kasha mjomba alisema ni za wateja, kwa hiyo kanuni ya jogoo mgeni ina a mbili pekupeku. Uzi mpya, mmoja. Mjomba alijaribu fundo la zamani mara sita. Ya saba akafunga la kawaida.