Fomu ya Kumi

Jumatatu asubuhi Asenath alipanda bodaboda kutoka Kulesa, fomu yake ya kugombea ameiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni isipate vumbi, akaenda Garsen kuiwasilisha mwenyewe. Hakutaka kumtuma mtu.

Kwa miaka kumi na miwili chama cha maji cha mfereji wao hakikuwa kimepiga kura. Viti vya kamati vilikuwa tisa, na kila uchaguzi ulipofika yaliletwa majina tisa, matano ya wakulima na manne ya wafugaji, wazee wameshayapanga. Afisa aliyasoma, watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Mjumbe mmoja, mzee Silas, alikuwa mwaka mzima amelala kitandani kwa mwanawe huko Malindi, hasemi wala hamtambui mtu, na safari hii pia jina lake lilikuwemo.

Fomu ya Asenath ilikuwa ya kumi.

Afisa wa uchaguzi, Mansur, mtu wa Kipini, aliigeuza mbele na nyuma, kisha akacheka kidogo.

"Mama, leo umenipa kazi," alisema, akigonga muhuri. "Sasa itanilazimu nitafute masanduku ya kura. Wadhamini wako ni hawa wawili, Gunga na Rachael?"

"Ndio hao."

"Haya. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Asipojitoa mtu, Jumamosi mtapiga kura."

Shida ya Asenath ilikuwa moja tu. Upande wa chini, lilipokuwa shamba lake, mfereji ulikuwa umejaa matope, na wale wakulima watano wa kamati wote mashamba yao yalikuwa juu, karibu na lango la maji. Misimu miwili mfululizo mpunga wake ulikuwa umekauka naye akiutazama. Alikwenda kwa kamati mara nne, na mara zote nne aliambiwa jambo lake limeandikwa.

Jumatano jioni alipata wageni wawili. Mmoja alikuwa Jairus, mwenyekiti, ndugu wa marehemu mumewe. Wa pili alikuwa Dadacha, Mworma aliyewasemea wafugaji katika kamati. Asenath aliwapa viti, yeye akabaki amesimama.

"Shemeji," Jairus alianza, "ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja. Nimekuja mpaka nimechoka."

"Matope yatatolewa."

"Lini?"

"Tutaangalia. Msimu huu una mambo mengi."

Dadacha alikuwa ameweka fimbo yake juu ya magoti. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, mimi hapana kataa wewe. Wewe najua kazi. Mimi naogopa hesabu. Leo hakuna mtu najua sisi ni ngapi, nyinyi ni ngapi. Tukipiga kura, kesho kila mtu najua."

Asenath aliikumbuka kura ya mwisho. Matokeo yalibandikwa ukutani, lakini watu hawakuyasoma majina, walihesabu makabila. Mwezi haujaisha, nyumba zilikuwa zinaungua ng'ambo zote mbili za mto. Walionusurika ndio waliokaa chini wakaamua kwamba kura basi, orodha itapangwa kwa mapatano. Siku ile orodha ya kwanza iliposomwa, Asenath mwenyewe alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Alikuwa amechoka kulala na viatu miguuni.

"Amani hiyo naijua," alisema mwishowe. "Na mimi niliililia. Lakini ninyi mnakaa vitini, mimi nalala njaa, nikifungua mdomo naambiwa nitaleta vita. Mpaka lini, shemeji?"

Jairus alisimama, akavaa kofia yake. Dadacha alibaki ameketi kidogo, kama mtu aliyetaka kusema neno jingine, kisha naye akamfuata.

Jumamosi walikutana kwenye ghala la mpunga, wanachama kama themanini, wakulima upande huu na wafugaji upande ule, kama wakaavyo siku zote. Asenath alipoingia macho yake yalitafuta masanduku. Hayakuwepo. Juu ya meza palikuwa na faili moja na chupa ya maji.

Mansur alisoma bila kuinua uso.

"Fomu zilizokubaliwa ni tisa. Fomu moja imebatilika kwa kukosa mdhamini wa pili, ambaye jana alifika ofisini akaifuta sahihi yake. Wagombea wakiwa sawa na viti, sheria hainiruhusu kupigisha kura. Wafuatao wamepita bila kupingwa."

Alipolitaja jina la Silas, mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akanyamazishwa. Kisha makofi.

Asenath alimgeukia Gunga. Mzee yule alitikisa kichwa: si yeye. Rachael hakuonekana ghalani.

Alimkuta nyumbani kwake, uani, anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Walikutisha?"

"Hakuna aliyekuja. Nilikwenda kwa miguu yangu." Rachael aliuweka ungo chini. "Niliposikia masanduku yanatafutwa, chakula hakikupita. Ulipoleta ile fomu nilitia sahihi kwa sababu nakupenda. Halafu nikakumbuka. Nilizika mume na mtoto katika wiki moja. Wewe ulichomewa nyumba, ukajenga nyingine. Mimi nitajenga nini?"

"Ungeniambia, Rachael."

"Ningekuambia, ungenishawishi. Wewe unajua kusema. Mimi najua kuogopa tu."

Asenath alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima. Kama angemkuta Rachael amehongwa, angejua pa kumshika. Alisimama pale mpaka kuku wakaanza kudonoa mchele kwenye ungo, wala hakuna aliyewafukuza. Kisha akaondoka bila kuaga.

Msimu ule maji yalifika mpaka shamba la Gunga, yakaishia hapo. Mpunga wa Asenath uligeuka njano ndio kwanza umebeba mimba. Akamtumia Dadacha habari kwamba alete ng'ombe. Dadacha alikuja nao mwenyewe, akasimama ukingoni.

"Mama, kweli nasema waingie?"

"Waingize. Wao angalau watashiba."

Ng'ombe waliingia. Meno yao yalisikika yakikata mabua. Dadacha alitazama pembeni. Akasema, "Mimi ningepigia wewe kura," na Asenath akamjibu, "Najua," maana alimwamini, na kumwamini kulimuuma zaidi.

Wiki iliyofuata alifungasha, akaenda Tarasaa kwa binti yake, alime mashamba ya watu. Rachael alikuja bila kuitwa. Alimbebea godoro kichwani mpaka barabarani, akasimama naye juani wakingoja gari. Gari lilipofika, Rachael alimpa utingo godoro, akahakikisha limefungwa vizuri, akarudi kijijini kabla dereva hajatia gia.