Lango la Lyle

Marlys Hruska alimaliza kuchora chaki kuzunguka koni ya mwisho, akanyoosha mgongo, na kumwona shemeji yake akishuka kwenye lile gari lake la buluu. Duane aliitazama njia ya koni iliyopangwa juu ya zege la uwanja wa ndege wa zamani, akatema mate.

"Nani kamwaga uchafu huu hapa?"

"Mimi. Na unajua ni mimi, maana umeamka mapema kuja kununa."

Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu mazishi ya Lyle, mume wake Marlys na kaka yake Duane, miaka tisa iliyopita. Lyle ndiye aliyekuwa akiipangia njia klabu ya Pesek ya mbio za magari kati ya koni, na kabla ya kufa alichora lango moja nyuma ya kalenda ya duka la mbegu: kona ya kushoto inayozidi kubana kadiri unavyoingia. Jicho linakwambia kanyaga mafuta, kumbe ilitakiwa uwe umeshapunguza zamani. Duane akarithi kazi ya kupanga, akaikunja ile kalenda na kumrudishia mjane. "Haliendesheki," alisema. Kila mwaka Marlys aliomba, na kila mwaka jibu likawa lile lile. Basi masika haya wanachama walichoka na ugomvi wa ukoo mmoja, wakapiga kura, wakampa Marlys Jumapili moja. Moja tu.

Lakini Pesek wana desturi yao. Aliyepanga njia huiendesha wa kwanza, mara moja, mbele ya wote. Koni ikianguka, au ikisukumwa hadi kitako chake chote kikawa nje ya chaki, njia huvunjwa, na mtu mwingine hupanga yake chini ya sharti hilo hilo. Koni iliyosogea lakini bado inagusa chaki haina hatia.

"Nitasimama lango la nne, hilo la Lyle, nichunge koni," Duane alimwambia Arlo Stepanek, mzee aliyepima muda na kushika redio kuu.

Arlo alimtazama Marlys.

"Mwache asimame," alisema Marlys. "Labda atajifunza kitu."

Gari lake lilikuwa dogo, la viti viwili, lenye harufu ya Lyle mpaka leo. Alifunga mkanda, Arlo akashusha mkono, naye akaondoka. Alizipita koni za mwanzo kwa kuyumba kulia na kushoto, mikono ikifanya kazi bila kuulizwa, upepo wa kusini ukilisukuma gari ubavuni. Kisha lango la nne likaja. Alipunguza mwendo pale pale Lyle alipoandika punguza. Gari likajikunja, likaingia, likatoka, na nyuma kabisa, chini ya bampa, akasikia du. Sauti ndogo tu.

Alimalizia njia akingoja bendera nyekundu ya kosa iinuliwe.

"Lango la nne, safi," ilisema redio kwa sauti ya Duane.

Watu thelathini wakapiga makofi. Marlys alizima gari, akaenda kwa miguu hadi lango la nne, hatua mia mbili. Koni ilisimama katikati ya mraba mpya wa chaki. Kando yake, mraba aliouchora yeye alfajiri ulikuwa umesuguliwa ukabaki ukungu mweupe.

"Umefuta."

"Nimefuta nini? Upepo huo, shemeji."

"Upepo wa Nebraska umeanza kuvaa buti? Tazama soli yako, imejaa chaki."

Duane akacheka puani. "Umepewa unalalamika. Nenda kale mikate yako ya kolachi, njia imepita."

"Ili useme nini baridi nzima? Kwamba Marlys alibebwa?"

"Sitasema kitu. Wewe utajua, na mimi nitajua. Inanitosha."

Hapo ndipo Marlys alipomchukia kweli. Kuzuiwa miaka tisa alikuwa amekuzoea, lakini huruma ya mtu huyu ilikuwa uchafu asioweza kuuvumilia mwilini. Aliichomoa redio kifuani mwa Duane.

"Arlo. Koni moja, lango la nne. Imetoka yote nje ya chaki. Yangu."

"Una hakika? Duane kasema safi."

"Duane haoni vizuri. Umri huo."

Njia ikawa imevunjwa, na kwa mujibu wa desturi, zamu ya kupanga ikamwangukia Duane, mpangaji wa kila mwaka. Alianza kwa hasira, akiburuta koni huku na huku, akihamisha mwanzo, akizigeuza zile za kuyumba. Alipofika lango la nne akaishika koni ya ndani, na Marlys akasimama mbele yake, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote:

"Iondoe. Iondoe, Duane! Miaka tisa unasema haliendesheki. Waambie basi linamshinda nani."

"Funga mdomo, mwanamke."

"Nimefunga. Ondoa."

Watu thelathini walikuwa wakitazama. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akaficha kicheko ndani ya kikombe cha kahawa. Duane aliirudisha koni pale pale ilipokuwa, taratibu, kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

"Nitasimama hapa," Marlys alisema, akanyoosha mkono kuomba bendera na chaki.

Gari la buluu lilikuja kwa kishindo. Lilikuwa kubwa mno kwa kona ile, na Marlys aliona magurudumu ya mbele yakikataa, yakilia, kisha yakakubali. Sikuzote Duane aliweza kuendesha, mtu asidanganywe. Ubavu wa nyuma uliibusu koni. Koni ikaruka, ikayumba kama mlevi mlangoni, ikasimama.

Marlys alipiga magoti. Kitako chote kilikuwa nje, isipokuwa pembe moja iliyokanyaga chaki kwa upana wa ukucha. Hakukuwa na mtu karibu. Bendera ilikuwa mkononi. Kuiinua kungekuwa kutamu kuliko asali, na nani angemlaumu? Aliilaza bendera juu ya zege.

"Lango la nne," alisema kwenye redio. "Safi."

Kwa hiyo mwisho wa mchezo ikawa hivi: kwenye karatasi ya Arlo, mpangaji wa njia aliandikwa Duane Hruska. Duane alipewa kusimamia lango la tano na redio nyingine, Marlys akabaki la nne, na siku nzima wakasimama kwa umbali wa hatua hamsini bila kutupiana neno. Watu waliliendesha lango la Lyle na kulitukana. Wengine waliangusha koni mbili, wengine tatu, na kila aliyeshindwa alirudi kwenye foleni macho yakimwaka, akitaka kujaribu tena. Marlys alikimbia, akasimamisha koni, akarudi. Hakuwa na furaha kama ile tangu mumewe afe, na ilimuudhi kwamba furaha yenyewe ilikuwa na jina la Duane juu yake.

Kuelekea mwisho, njia ilipokuwa tupu, Arlo aliita kwenye redio, wote wakisikia: "Duane, watu wanauliza huku. Lile lango la nne, shetani yule, ulilitoa wapi?"

Duane aligeuka, akamtazama Marlys. Aliminya kitufe.

"Kichwani mwangu."

Marlys alisimama wima katikati ya zege. Akainua bendera nyekundu, juu, kadiri mkono ulivyofika, akaishikilia hapo.

"Lango la nne," alisema. "Koni moja."

"Koni gani, Marlys? Hakuna gari njiani."

"Muulize Duane," alisema, na hakuishusha bendera.